Namba B Ikipanda Bugando

Mwanza inatembea kwa magari yaliyokwisha kuishi maisha mengine Japani. IST, Spacio, Raum, Noah, Probox za michomoko, yaani za kubeba abiria: mengi yalikuwa yamezeeka kabla ya kushushwa bandarini Dar es Salaam. Mjini tunayataja kwa herufi ya kwanza baada ya tarakimu za namba zake, namba B, namba C, namba D, na bei inafuata herufi hiyo. Mimi naona herufi inapewa uzito mkubwa mno. Namba B iliyokuwa ikimpeleka mwalimu kazini Buswelu na kurudi itakufaa kuliko namba D iliyobeba abiria wa Kahama usiku na mchana. Haya hapa ya kuzingatia ukiwa na gari la zamani, au ukilitafuta.

1. Muulize fundi kabla ya dalali. Gari la zamani zuri ni lile ambalo mafundi wa Nyakato wamelifungua mara nyingi. Injini ya 1NZ ya Toyota, ya lita 1.5, iko kwenye baadhi ya Spacio, Raum, Probox na IST, kwa hiyo spea zake zipo na mkono wa fundi umeizoea. Injini za D4 ni habari nyingine. Pampu na nozeli zake hazivumilii mafuta machafu, na wengi waliozinunua kwa bei ya kuvutia wameishia kusubiri kifaa kwenye basi la Dar, stendi ya Nyegezi.

2. Lijaribu mlimani. Barabara ya Makongoro ni tambarare, na kila gari hujiona zima pale. Fika kwa muuzaji asubuhi, injini ikiwa haijawashwa, fungua mfuniko wa oili uangalie kama kuna ute mweupe, kisha washa na utazame moshi. Ukiwa bluu, linakula oili. Baada ya hapo panda Bugando au Isamilo mkiwa watu wanne ndani. Gia zikichelewa kuingia au injini ikinguruma bila gari kusogea, mshukuru muuzaji na uondoke. Ukiwa hapo juu, simama kwenye mteremko uvute hendibreki. Nusu ya jiji hili tunaegesha milimani, na jiwe chini ya tairi si breki.

3. Joto, joto, joto. Hili ndilo linaloua magari mengi kwetu, na linaweza kuzuilika. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji ya wazi hapa huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Injini inaokolewa na mfuniko wa rejeta, kwa sababu unabana mvuke ndani na kuyafanya maji yachelewe kuchemka. Mfuniko uliolegea mpira ni kitu cha bei ndogo kinachoweza kukupindia silinda hedi. Ubadilishe kwanza, kabla hujaambiwa ununue rejeta.

Halafu kuna ule ushauri unaotolewa karibu kila gereji: "Boss, tutoe themostati, gari litapoa." Kataa. Themostati inaifanya injini ifikie joto lake na kukaa hapo. Ikitolewa, kompyuta ya gari hudhani injini bado ya baridi, inamwaga mafuta mengi, na wewe unalalamika kwamba kagari kadogo kanakunywa kama lori. Kama gari linachemsha, kuna sababu: feni haizunguki, pampu ya maji imechoka, gasketi imeungua, au rejeta imeziba. Itafutwe hiyo sababu.

Maji ya ziwa usiyatie kwenye rejeta, hata kama yako hatua kumi kutoka ulipokwama, isipokuwa kwa dharura ya kukufikisha kwa fundi. Yana tope na uchafu unaobaki ndani. Tia kulanti. Na zile siku wadudu wa ziwani wanapopanda kama moshi, ukirudi nyumbani pulizia rejeta maji kwa upole uwatoe.

Passo na wenzake hawana geji ya joto, wana taa tu. Nyekundu ikiwaka, simama hapo hapo. Usiseme utafika Igoma.

4. Inama uangalie chini. Ziwa letu halina chumvi, hivyo kutu hapa si kali kama ya magari yaliyokaa Zanzibar au ufukweni Dar. Lakini Japani ya kaskazini, Hokkaido hasa, barabara hunyunyiziwa chumvi wakati wa theluji, na gari hufika likiwa linang'aa juu huku chini limeliwa. Pia inua zulia la Probox au Noah. Kama ilibeba samaki kutoka Mwaloni Kirumba, maji yao yanaweza kuwa yamekula sakafu, na harufu utaisikia jua likiwaka.

5. Soma umri wa tairi. Pembeni kuna tarakimu nne: 1416 maana yake wiki ya 14 ya mwaka 2016. Kashata nene haimaanishi tairi jipya. Magari mengine huja na matairi ya theluji, laini, ambayo lami yetu ya moto huyamaliza haraka.

6. Ukilifuata Dar, lihudumie huko huko. Ni zaidi ya kilomita 1,100 hadi Mwanza. Badilisha oili na filta kabla ya kutoka, na mlima Sekenke ushuke kwa gia ndogo ili breki zisiungue.

7. Mto Mirongo ukifurika, subiri. Maji yakivutwa kwenye injini, konekting rodi inaweza kupinda papo hapo.

8. Weka daftari garini: tarehe, kilomita, kilichobadilishwa. Fundi akibadilika, historia inabaki kwako, na siku ya kuuza daftari hilo linatetea bei yako vizuri kuliko maneno.

9. Makaratasi. Jina kwenye kadi lifanane na la muuzaji, au awepo mwenye jina hilo. Angalia kwa namba ya gari kama lina faini za trafiki zisizolipwa, na uhakiki bima kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima. Kisha nendeni TRA pamoja mkahamishe umiliki, na pesa ya mwisho itolewe baada ya hapo.