Mguu Mmoja Ukivimba Baada ya Safari, Usiukande

Safari ya basi kutoka Malindi hadi Nairobi ni takriban kilomita 600, na abiria wengi huimaliza wakiwa wameketi tangu jioni hadi alfajiri. Wanaposhuka, miguu imejaa na viatu vinabana. Kwa kawaida hilo si jambo la kutisha: miguu yote miwili huvimba kwa kiasi sawa, na mtu akilala akiwa ameiinua kidogo, asubuhi huwa imepungua. Lakini kuna uvimbe mwingine, wa mguu mmoja, unaohitaji kuonwa hospitalini siku hiyo hiyo. Wakazi wanahimizwa kujua tofauti kati ya hali hizi mbili.

Nini hutokea ndani ya mguu

Moyo husukuma damu hadi miguuni, lakini kuirudisha juu hutegemea sana misuli ya shavu la mguu. Mtu anapotembea, misuli hiyo hukamua mishipa ya ndani na kuisukuma damu kuelekea moyoni. Akikaa saa nyingi magoti yakiwa yamekunjwa, kazi hiyo hupungua. Damu huenda polepole na inaweza kuganda ndani ya mshipa. Kipande cha damu hiyo kikikatika, husafiri hadi kwenye mapafu na kuziba mshipa huko. Hali hiyo inaweza kuua.

Wengi hudhani tatizo hili ni la ndege pekee. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani (WHO) uliotolewa mwaka 2007 ulionyesha kuwa safari ya saa 4 au zaidi huongeza hatari hii karibu mara mbili, iwe ni kwa ndege, basi, treni au gari dogo. Hata hivyo, kwa watu wengi hatari yenyewe ni ndogo, takriban msafiri 1 kati ya 6,000.

Wanaopaswa kuwa waangalifu zaidi

- Mama mjamzito, au aliyejifungua ndani ya wiki 6 zilizopita.
- Aliyefanyiwa upasuaji hivi karibuni, au aliyefungwa plasta mguuni.
- Anayeugua saratani au selimundu.
- Anayetumia tembe za kupanga uzazi zenye homoni ya estrojeni.
- Mzee, au mtu mwenye uzani mkubwa kupita kiasi.
- Aliyewahi kuganda damu mguuni au mapafuni, au aliye na mzazi au ndugu aliyepatwa na hali hiyo.

Mtu aliye katika kundi lolote kati ya haya azungumze na mhudumu wa afya kabla ya safari ndefu. Baadhi yao hushauriwa kuvaa soksi maalum za kubana au kupewa dawa. Usimeze aspirini kwa kujiamulia, kwani inaweza kusababisha kutokwa na damu.

Dalili za kutambua

Mguu mmoja huvimba, mara nyingi kwenye shavu la mguu. Huuma, hasa unapoguswa, na huwa na joto kuliko mwenzake. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huenda usionekane vizuri, kwa hivyo kaa, nyoosha miguu yote miwili na uilinganishe.

Dalili hizi si lazima zionekane siku ya kufika. Zinaweza kuja baada ya siku kadhaa au hata wiki kadhaa, wakati msafiri amekwisha kuisahau safari. Ndiyo maana ni muhimu kumwambia daktari: "Nilisafiri kwa saa nyingi hivi majuzi."

Ukishikwa ghafla na upungufu wa pumzi, maumivu ya kifua unapovuta pumzi, kukohoa damu au kuzirai, hiyo ni dharura. Usingoje kupambazuke.

Kwa nini usikande

Chukua mfano wa mama aliyejifungua wiki tatu zilizopita, akasafiri usiku kucha kumpeleka mtoto kwa wazee. Siku ya nne mguu wake wa kushoto unavimba na kuuma. Nyanya, kwa nia njema, anachemsha maji na kuleta mafuta ya nazi ili amkande. Kwa uchovu wa kawaida hakuna ubaya. Lakini ikiwa damu imeganda, kuukanda mguu kwa nguvu kunaweza kuikata damu hiyo na kuipeleka mapafuni. Kinachofaa ni nyanya amwambie, "Mwanangu, twende hospitali," na waende siku hiyo.

Hospitalini, mshipa huchunguzwa kwa picha ya altrasaundi. Damu ikiwa imeganda, mgonjwa hupewa dawa za kuzuia isigande zaidi, na mara nyingi huzitumia kwa angalau miezi 3. Asiziache kwa sababu uvimbe umeisha.

Namna ya kujikinga safarini

- Kila nusu saa, inua visigino huku vidole vikiwa chini, kisha inua vidole huku visigino vikiwa chini. Rudia mara 10 hadi 20.
- Basi linaposimama Voi au Mtito Andei, shuka utembee hata kama huna haja ya kununua chochote. Kwenye treni au ndege, inuka utembee ujiani inaporuhusiwa.
- Usiweke mzigo mahali pa miguu. Ukibeba mtoto mapajani, pokezaneni.
- Kunywa maji kama kawaida. Usijinyime kwa kuogopa kuomba dereva asimame.
- Epuka pombe na dawa za usingizi, kwani humfanya mtu alale bila kujigeuza.
- Vaa nguo zisizobana kiunoni na magotini.

Asiyejua kama mguu wake ni wa uchovu au wa ugonjwa asibaki nyumbani akikisia. Afike katika kituo cha afya kilicho karibu siku hiyo hiyo, na asisahau kutaja safari aliyofanya.