Dhana ya Xiao na Hali ya Wazee katika Jamii ya Wachina

Utangulizi
Katika Kichina, wajibu wa mtoto kwa wazazi wake huitwa xiao. Alama inayoliandika neno hili ina sehemu mbili: juu ni umbo la mzee na chini ni umbo la mtoto. Aghalabu huelezwa kuwa mtoto amembeba mzee. Makala hii inachunguza jinsi mzigo huo ulivyobadilika, na inadai kuwa kuitafsiri xiao kwa neno "utiifu" pekee kunapotosha hali halisi ya wazee wa China leo.

Maana ya xiao
Confucius, mwanafalsafa wa karne ya 6 na ya 5 K.K., alifundisha kuwa kumlisha mzazi bila kumheshimu hakutoshi, maadamu hata wanyama hulishwa. Hivyo basi, xiao ina nguzo mbili: riziki na heshima. "Utiifu" hugusa nguzo ya pili tu. Fauka ya hayo, kuna methali ya Wachina isemayo kuwa mtoto hulelewa ili awe kinga ya uzeeni. Methali hiyo ilichukulia kwamba watoto, hasa wa kiume, wangekuwepo na wangeishi karibu.

Mabadiliko ya kijamii
Masharti hayo mawili yamedhoofika. Kwanza, kuanzia 1980 hadi mwisho wa 2015, sera ya mtoto mmoja ilitekelezwa, ingawa baadhi ya familia za vijijini na za jamii ndogo ziliruhusiwa kuzidisha. Matokeo yake ni muundo wa familia uitwao nne-mbili-moja: mababu na mabibi wanne, wazazi wawili, mtoto mmoja. Pili, vijana wengi walihamia mijini kutafuta kazi. Mfumo wa usajili wa makazi uitwao hukou, uliowekwa kisheria 1958, umefungamanisha huduma nyingi za jamii na mahali mtu alikosajiliwa. Kwa hiyo imekuwa vigumu kwa mhamiaji kuwachukua wazazi wake. Wazee waliobaki peke yao wamepewa jina la "wazee wa kiota kitupu". Sensa ya 2020 ilihesabu watu milioni 264 wenye umri wa miaka 60 na zaidi, yaani asilimia 18.7 ya wananchi wote. Vijijini kiwango kilikuwa asilimia 23.8, ilhali mijini kilikuwa 15.8.

Xiao mbele ya sheria
Serikali ilipitisha sheria ya kulinda haki za wazee mwaka 1996. Marekebisho yake, yaliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2013, yaliwataka wanafamilia wanaoishi mbali na wazee wawatembelee au wawajulie hali mara kwa mara, na yakawataka waajiri wawape likizo kwa ajili hiyo. Siku iyo hiyo, mahakama moja mjini Wuxi ilimwamuru binti amzuru mama yake, mwenye umri wa miaka 77, angalau mara moja kila miezi miwili.

Hukumu hiyo inaonyesha mpaka wa sheria. Mahakama inaweza kuhesabu ziara. Haiwezi kupima heshima iliyomo ndani yake. Vilevile, haiwezi kumzalia mzee mtoto wa pili wa kusaidiana na yule mmoja. Kwa upande wa riziki, mpango wa pensheni kwa wakazi wa vijijini ulioanzishwa 2009 ulikuwa hatua ya maana zaidi, kwani ulikiri kuwa mtoto peke yake hatoshi.

Hitimisho
Anayesoma xiao kama "utiifu" ataona katika kiota kitupu watoto walioasi. Anayeisoma kama riziki na heshima kwa pamoja ataona pia watoto waliolemewa, na mfumo uliowatenga na wazazi wao. Kwa mintarafu hii, mfasiri wa Kiswahili angefanya vyema kutumia "utunzaji wa heshima kwa wazazi", au kuliacha neno lenyewe na kulifafanua. Tafsiri inayoficha nusu ya wajibu huficha pia nusu ya wanaopaswa kuutimiza.