KUCHANGANYA SAUTI ZA KWAYA BILA KUMALIZA MFUKO WA KIKUNDI



Siku hizi kwaya nyingi za vigango na vikundi vya vijana wanataka kurekodi nyimbo zao. Ni jambo jema. Lakini mara nyingi, hata kabla wimbo mmoja haujarekodiwa, mweka hazina anaambiwa kwamba bila plagini za bei kali hakuna kazi. Basi akiba ya mwaka mzima inatoka, pengine na mkopo juu yake. Somo la leo ni kwamba vyombo vya kuchanganya sauti vinapatikana bila malipo, na pesa za kikundi zina kazi nyingine ya maana zaidi.

1. Plagini ni nini?

Ukirekodi kwa kompyuta, kila sauti inaweza kukaa kwenye mstari wake: soprano, alto, tena, besi, kinanda, ngoma na kayamba. Kuchanganya ni kuzipanga sauti hizo zisikike pamoja bila moja kuifunika nyingine. Plagini ni programu ndogo inayopachikwa ndani ya programu kubwa ya kurekodi ili kufanya kazi hiyo. Zamani ilifanywa na mashine nzito ambazo ni studio kubwa tu zilizoweza kununua. Mwaka wa 1996 kampuni ya Steinberg ya Ujerumani ilitoa mtindo uitwao VST, ikawaruhusu wengine pia kutengeneza plagini kwa mtindo huo. Leo wako wanaouza na wako wanaotoa bure.

2. Kazi ni nne tu

Usitishwe na majina mengi. Kwaya inahitaji vyombo vinne:

(a) Ikwalaiza. Hupunguza au kuongeza besi na trebo. Kama kuna mvumo wa upepo au wa miguu, kata sauti zilizo chini ya hezi 100 hivi kwa akina mama, na chini ya hezi 70 kwa wanaume. Sauti ikiwa kama inatoka ndani ya mtungi, punguza kidogo kati ya hezi 200 na 500.

(b) Kompresa. Hushika sauti inapopanda ghafla, ili ile ya chini nayo isikike. Anza na kipimo cha 2 kwa 1 au 3 kwa 1. Ikipunguza desibeli 3 hadi 6, inatosha.

(c) Mwangwi. Huipa sauti nafasi, kana kwamba mnaimba ndani ya kanisa kubwa. Ukizidisha, maneno hayasikiki, na ujumbe wa wimbo umepotea.

(d) Limita. Huyu ni askari wa mlangoni. Hukaa mwisho kabisa na haruhusu sauti ipite kiwango ulichoweka. Weka desibeli 1 chini ya sifuri.

3. Tutavipata wapi?

Programu ya Audacity imetolewa bure tangu mwaka wa 2000, na vyombo vyote vinne vimo ndani yake. Tangu toleo la 3.2 la mwaka wa 2022, unaweza kusikia mabadiliko wimbo ukiendelea, na pia unaweza kuongeza plagini za VST3. Wanaotaka zaidi wanaweza kujaribu REAPER kwa siku 60. Baada ya hapo leseni yake ni dola 60 kwa shirika lisilo la faida, au kwa mtu ambaye biashara yake haiingizi zaidi ya dola 20,000 kwa mwaka.

Plagini zisizolipishwa ni kama hizi: TDR Nova kwa ikwalaiza, TDR Kotelnikov kwa kompresa, Dragonfly Reverb kwa mwangwi, na LoudMax kwa limita. Kama kigangoni hakuna mtandao mzuri, pakueni mara moja mjini, kwenye tovuti ya mtengenezaji mwenyewe, mbebe kwa flashi.

4. Mitego mitatu

Wa kwanza ni wizi. Kuna programu zilizovunjwa kufuli ambazo watu wanapeana mitaani. Nyingine huja na virusi, na kazi yote ya kwaya inapotea. Tena Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda nyimbo. Sisi wenyewe tunalalamika nyimbo zetu zikinakiliwa bila ruhusa, basi mbona tufanye hivyo kwa jasho la wengine? Amri ya saba haijabadilika.

Wa pili ni kukodi bila kujua. Plagini nyingine hulipiwa kila mwezi, na ukiacha kulipa inafungwa. Machi 2023 kampuni ya Waves ilitangaza kwamba haitauza tena leseni za kudumu, ila za kukodi tu. Wateja walipiga kelele hata ikazirudisha baada ya siku chache. Ulizeni kwanza: tunanunua au tunakodi?

Wa tatu ni haraka. Makampuni mengi hushusha bei sana mwezi wa Novemba, na mengi huruhusu kujaribu bure. Hakuna sababu ya kukimbilia.

5. Basi pesa ziende wapi?

Hakuna plagini itakayoponya maiki mbovu, kwaya isiyofanya mazoezi, au kurekodi chini ya mabati mvua ikinyesha. Kwanza nunueni maiki nzuri na hedifoni za kufunika masikio. Tundikeni mablanketi ukutani ili kupunguza mwangwi wa chumba. Kisha wafundisheni vijana wawili, msichana na mvulana, ili ujuzi ubaki kwenu na pengine uwe riziki yao.

Wajaribu wimbo mmoja kwa vyombo vile vinne. Wausikilize kwa simu, kwa redio na kwa spika za kanisa. Wakilinganisha kabla na baada, sauti iwe na nguvu ileile, maana iliyo kubwa zaidi hudanganya sikio kwamba ndiyo nzuri. Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Kikundi kikishindwa na vya bure, hata vya bei kali havitakisaidia.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Katika mfuko wetu kuna pesa ngapi, na ni nani anayeamua zitumikeje?
2. Je, kuna programu za wizi katika kompyuta zetu? Tutazitoa lini?
3. Ni vijana gani wawili tutakaowatuma wajifunze, na watawafundisha wengine namna gani?

Mungu abariki kazi ya mikono yenu na sauti zenu.