Kumchagulia Mtoto Kitabu cha Historia: Somo Kutoka Shisanhang

Mzazi au mlezi, huenda unaijua Shisanhang kama mahali pa kununua nguo za jumla, na marobota yake na vikokoteni vinavyodai njia. Mwanao anayesoma hapa Guangzhou atalisikia jina hilohilo shuleni kwa maana nyingine, kisha atakuuliza: walifanya biashara gani pale? Na sisi tulikuwa wapi wakati huo? Ukimpa kitabu kizuri, atapata pa kuanzia. Ukimpa kibaya, atakua akidhani watu wa kwao hawana historia ya kusimulia mbele ya wenzake.

Kwanza, kijue kisa chenyewe

"Shisan" ni kumi na tatu. "Hang" ni nyumba ya biashara. Mwaka 1757 Mfalme Qianlong aliamuru wafanyabiashara wa Ulaya wanaokuja kwa bahari watumie Guangzhou peke yake. Walikaa katika majengo ya kupanga kando ya mto, bila ruhusa ya kuleta wake zao wala ya kufundishwa Kichina. Walinunua chai, hariri na vyombo vya kauri kupitia wafanyabiashara wa Kichina wenye kibali. Mmoja wa hao, Wu Bingjian (1769–1843), ambaye wageni walimwita Howqua, alikuwa miongoni mwa matajiri wakubwa duniani.

Waingereza walilipa kwa fedha. Fedha ilipozidi kuwatoka, biashara ya kasumba kutoka India ikapanuka. Mwaka 1839 Lin Zexu, afisa wa mfalme, aliharibu zaidi ya masanduku 20,000 ya kasumba huko Humen. Vita vikafuata, na Mkataba wa Nanjing wa 1842 ukafungua bandari nyingine. Majengo ya wageni yaliteketea mwaka 1856.

Maswali manne kabla ya kununua au kuazima

*1. Je, kinaeleza sababu?* Kitabu kinachotaja chai na hariri lakini kikaruka kasumba kimeficha nusu ya habari. Neno hilo tunalo: ukisema "kasumba ya kikoloni", unatumia jina la dawa hiyohiyo ya kulevya. Mweleze mtoto hivyo, naye ataona kwamba historia ya Guangzhou haiko mbali na kinywa chake.

*2. Nani anasimulia?* Muulize mtoto: kitabu hiki kingeandikwa na mpagazi wa bandarini, kingesema nini? Swali hilo linafaa hata kwa vitabu vyetu. *Uhuru wa Watumwa* cha James Mbotela, kilichotoka 1934, kinasimulia habari za watumwa walioachiwa huru na kuishi Frere Town, Mombasa, na kinawasifu sana Waingereza. Kijana wa miaka 15 anaweza kukisoma na kufaidika, mradi umweleze kwamba kiliandikwa wakati wa ukoloni.

*3. Je, kinatenganisha ushahidi na masimulizi?* Safari za Zheng He kati ya 1405 na 1433 zilifika pwani yetu, na mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa kwa mfalme wa China. Mwaka 2013 wachimbuaji wa mambo ya kale walipata kisiwani Manda, karibu na Lamu, sarafu ya enzi za Mfalme Yongle. Huo ni ushahidi. Habari za mabaharia wa Kichina waliovunjikiwa jahazi karibu na Pate na kuoa huko ni mapokeo. Kitabu kizuri huvisimulia vyote viwili, lakini humwambia mtoto kipi ni kipi. Ebrahim Hussein alifanya hivyo katika tamthilia yake *Kinjeketile* (1969): alimwonya msomaji kwamba Kinjeketile wa jukwaani ni wa kubuni, ingawa Vita vya Maji Maji vya 1905–1907 ni vya kweli.

*4. Je, kinamfaa kwa umri wake?*
- Miaka 6–9: picha nyingi, mtu mmoja au kitu kimoja. Safari ya twiga inatosha.
- Miaka 10–13: hadithi yenye ramani na miaka iliyopangwa kwa mfuatano.
- Miaka 14 na zaidi: vitabu viwili vinavyopingana juu ya jambo moja.

Jaribio la dakika mbili

Fungua ukurasa unaohusu Humen. Kikisema kasumba yote ilichomwa moto, mwandishi hakuwa makini. Ilitiwa kwenye mashimo ya maji, ikachanganywa na chumvi na chokaa, kisha ikamwagwa baharini. Aliyekosea hapo huenda amekosea na kwingine.

Ikiwa husomi Kichina

Usikae pembeni. Mtoto asome ukurasa kwa Kichina, kisha akueleze kwa Kiswahili. Asipopata neno, mtafute pamoja. Hivyo lugha ya nyumbani haibaki ya jikoni tu. Inabeba masomo pia. Maktaba kuu ya Guangzhou, iliyoko Zhujiang New Town, ina sehemu ya watoto, na kuingia ni bure.

Zoezi la mwezi huu

Mkienda Shisanhang kununua mzigo, tengeni saa moja. Ndani ya bustani ya Wenhua Gongyuan, palepale jirani, kuna makumbusho ya Shisanhang. Kituo cha metro kina jina la bustani hiyo, njia ya 6 na ya 8. Beba pasipoti. Mtoto achague kitu kimoja, akichore, aandike mistari mitatu: kilitoka wapi, nani alikitengeneza, nani alifaidika. Swali la mwisho likimshinda, mmejua kitabu kinachofuata kihusu nini.