Kwa Nini Daktari Anataka Kinyama?

Kijana ana tezi zilizovimba shingoni kwa wiki kadhaa. Usiku jasho linalowesha shuka, na nguo zimeanza kumpwaya. Nyumbani wanasema ni TB. Huenda ni kweli, kwani TB haiishii mapafuni. Tatizo ni kwamba limfoma, saratani ya tezi, huja na dalili hizo hizo. Eksirei na ultrasaundi huonyesha uvimbe ulipo na ukubwa wake, lakini mara nyingi hazisemi ni uvimbe wa nini. Hapo ndipo daktari, awe wa Hospitali ya Wilaya ya Rungwe pale Makandana au wa rufaa Mbeya, husema kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe, kichukuliwe kikapimwe.

TB ya tezi kwa kawaida hutibiwa kwa vidonge vya miezi 6. Limfoma hutaka dawa za saratani, na mwenye limfoma akinywa vidonge vya TB peke yake, ugonjwa unaendelea kukua. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika kuhusu watoto waliovimba taya. Saratani ile, aina ya limfoma inayoitwa kwa jina lake, hukua upesi mno, lakini ikijulikana mapema husikia dawa. Basi mtoto akivimba taya na meno kulegea, msiishie kumng'oa jino.

Kinyama huchukuliwa kwa sindano nyembamba, au kwa mkato mdogo baada ya ganzi. Kama mgonjwa anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, semeni kabla. Kipande cha kusomwa kwa darubini hutiwa fomalini kisioze; cha kuotesha vijidudu vya TB hakitiwi, kwa kuwa fomalini huviua. Mkikabidhiwa kichupa mkipeleke, msihamishe wala kuongeza kitu. Maabara hukigandisha kipande katika nta, hukikata vipande vyembamba mno na kuvitia rangi, kisha mtaalamu wa patholojia huvisoma. Kwa hiyo majibu hayatoki siku ile ile kama ya malaria.

“Saratani ikiguswa na kisu inasambaa,” husema wengi. Wagonjwa wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa umeshasambaa, halafu lawama hubebeshwa kisu. Hatari ya saratani kusambaa kwa sababu ya kuchukua kinyama ni ndogo sana, na pale inapohofiwa zaidi, kama kwenye korodani, madaktari huepuka kuchoma sindano.

Kabla ya kuondoka ulizeni kinyama kinapelekwa wapi, majibu yatatoka lini na atapigiwa nani simu. Majibu yakisema hakuna saratani huku uvimbe unazidi, rudini: sindano huweza kukosa sehemu yenye ugonjwa, na kinyama kikahitajika tena.