Mkia Mzito, Ulimi Mwepesi

Maili chache kupita Kearney, Nebraska, baada ya lile jumba la makumbusho lililojengwa kama daraja juu ya barabara kuu ya I-80, lori la semi lilimpita mwandishi wa makala haya kwa kushoto. Upepo wake ukalisukuma tela pembeni. Lori lilipomaliza kupita, upepo uleule ukalivuta tela lirudi. Baada ya hapo tela halikuhitaji upepo wa mtu. Likaendelea lenyewe, kulia, kushoto, kulia, kila mtikisiko mpana kuliko uliotangulia, na gari la mbele likipepesuka nalo kama mlevi aliyeshikwa shati. Watoto watatu waliokuwa wakigombania chaja tangu Omaha walinyamaza kwa pamoja.

Msomaji ameshajua kwamba mwandishi huyo ni mimi. Ila aibu husimulika vizuri zaidi ikiwa ya mtu mwingine, kwa hiyo tuendelee kumwita yeye.

Yeye, basi, alikanyaga breki. Gari likapunguza mwendo, tela halikukubali, likazidi kulisukuma gari kwa nyuma na kwa ubavu. Kilichomwokoa ni kwamba barabara ilikuwa imenyooka, na hapakuwa na mtu kwenye njia ya pili. Alichopaswa kufanya ni kuondoa mguu kwenye pedali zote, kushika usukani bila kubishana nao, na kubana kwa mkono kile kidude cha breki za tela kilicho chini ya dashibodi. Kidude hicho hufunga breki za tela peke yake, tela likavuta kwa nyuma, na msafara mzima ukanyooka kama kamba iliyovutwa ncha mbili. Alikuwa amekinunua kwa pesa zake na kukifunga kwa mikono yake. Siku hiyo hakukumbuka kwamba kipo.

Safari ilianzia Des Moines, Iowa, mji ambao Kiswahili cha Kongo na cha Burundi utakisikia kwenye foleni ya dukani, na ilikuwa iishie kwenye hifadhi ya Yellowstone, ile iliyotangazwa mwaka 1872. Tela lilikuwa na miezi miwili. Vitanda vinne, jiko, choo, na tangi la maji safi la galoni 40. Aliyeliuza, na jina lake libaki huko huko kwake, alilitazama gari, akagonga boneti kwa kiganja na kusema kwamba litavuta bila hata kujua kuna kitu nyuma. Akaonyesha kipeperushi: ratili 4,900. Hakusema kwamba hiyo ni hesabu ya tela likiwa tupu, bila maji, bila sufuria, bila shuka, bila watu wanaoamini kwamba Marekani nzima haina unga wa ugali isipokuwa ule wa mtaani kwao. Wala hakufungua mlango wa dereva kuonyesha ile karatasi ndogo iliyobandikwa kwenye fremu, inayotaja uzito wa mwisho wa watu na mizigo ambao gari linaruhusiwa kubeba. Karatasi ile ndiyo yenye neno la mwisho. Uwezo wa kuvuta ulioandikwa kwenye tangazo la gari ni wa kupigia picha.

Mkewe alikuwa ameuliza siku ileile, "Baba watoto, hili dude nani amelipima?" Akajibiwa kwamba kiwanda kimepima.

Makala haya yalikusudiwa kuwa na hatua tano za kuvuta tela kwenye safari ndefu. Mbili zinaisha hapa hapa. Matairi: tafuta ubavuni tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT, 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019, na tairi la tela huzeeka likiwa limesimama tu uani. Mwendo: matairi mengi ya tela yamekadiriwa maili 65 kwa saa, hivyo kibao cha Nebraska kinachoruhusu 75 kinawahusu wengine. Nyororo, taa na pini hazielezwi hapa. Asiyezijua asitoke getini. Hatua ya tatu ni mizani, na ndiyo iliyofanya makala haya yaandikwe.

Baada ya kasheshe ya Kearney alitambaa kwa maili 50 kwa saa hadi North Platte, mji wenye yadi ya treni iliyo kubwa kuliko zote duniani. Watoto walitaka kuiona na hawakuiona, kwa sababu baba yao aliingia kwenye kituo cha malori, akazima injini, akakaa. Alipotoka, mzee mmoja alikuwa ameshazunguka tela mara mbili, mikono nyuma, kama mkaguzi. Kofia yake ilikuwa na bendera ya Kenya.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, kijana wangu." Akacheka kwanza, kwa jinsi alivyoitambua Tanzania katika neno moja. Kisha akasema, "Nimekuwa nyuma yako tangu kule. Tela lako latikisa mkia kama mbwa aliyeona mfupa. Umelipima?"

Mzee huyo alikuwa ameendesha malori kati ya Mombasa na Malaba kabla ya kuhamia Marekani. Alipimwa Mariakani, akapimwa Mlolongo, akapimwa Gilgil, na akaichukia mizani kila siku ya Mungu. Huku ugenini ameipenda, kwa sababu hapa dereva anaiendea mwenyewe ili ajue hali yake. Akaonyesha kwa kidevu mizani iliyokuwa upande wa pili wa pampu, ya CAT Scale, kampuni ya Iowa iliyoanza mwaka 1977 na yenye mizani kwenye vituo vya malori nchi nzima. Mtu wa tela la familia anaruhusiwa kupima kama dereva yeyote. Mwandishi alikuwa amepita mbele ya mizani hizo miaka yote akidhani ni za serikali.

Kisha mzee akaeleza, na maelezo yake hayakuhitaji fizikia. "Umewahi kuona mkokoteni uliopakiwa nyuma?" Kila aliyepita Kariakoo au Kongowea ameuona. Mzigo ukizidi nyuma ya ekseli, mikono ya mkokoteni huinuka na mvutaji hubaki akining'inia, miguu ikitafuta ardhi. Tela ni mkokoteni. Ile sehemu ya mbele inayokalia mpira wa chuma wa gari, Wamarekani huiita ulimi, na ulimi unatakiwa uulemee mpira huo kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa tela. Ukipungua hapo, nyuma ndiyo inayoamua, na kila lori likipita utacheza muziki wake. Ukizidi sana, mgongo wa gari unalala, magurudumu ya mbele yanapoteza uzito na usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi.

Namna ya kuupata uzito wa ulimi bila kununua kifaa chochote ni hii, na hapa mwandishi anaomba asikatizwe.

Unapanda kwenye mizani na tela lako. Ina sahani tatu: unasimama ili ekseli ya mbele ya gari iwe kwenye ya kwanza, ya nyuma kwenye ya pili, na ekseli za tela kwenye ya tatu. Unabonyeza kitufe. Sauti inauliza kampuni gani na lori namba ngapi. Unasema ni gari la binafsi. (Mwandishi alijibu kwa jina lake kamili na la babake, karani akanyamaza kidogo.) Kama tela lako lina vile vyuma viwili vya kugawa uzito, vilegeze kabla ya kipimo hiki. Vikiwa vimekazwa husukuma sehemu ya uzito kwenda kwenye magurudumu ya tela, na hesabu ya ulimi itakudanganya kwa kukupunguzia. Hilo ndilo jambo ambalo watu wengi wenye mizani na kalamu hukosea, na mzee alilirudia mara tatu.

Karatasi ya kwanza ilisema: ekseli ya mbele ratili 3,070, ya nyuma 3,230, ekseli za tela 5,620. Jumla 11,920.

Halafu unaliegesha tela pembeni, unalifungua, unarudi na gari bila tela, watu walewale ndani, mafuta yaleyale. Kupima tena ndani ya saa 24 ni nafuu kuliko mara ya kwanza. Karatasi ya pili: mbele 3,240, nyuma 2,640. Jumla 5,880.

Mzee aligeuza karatasi na kuandika mgongoni mwake. Toa 5,880 kwenye 11,920, tela ni ratili 6,040, si 4,900. Gari likiwa na tela lilibeba 6,300 kwenye ekseli zake mbili. Bila tela 5,880. Tofauti ni 420, na hiyo 420 ndiyo ulimi. Ulitakiwa uwe kati ya 604 na 906. Ulikuwa haufiki hata asilimia 7.

"Sasa fungua nyuma," mzee akasema.

Nyuma kulikuwa na baiskeli nne juu ya bampa, bampa ambalo mwandishi hakuwahi kuuliza kama limetengenezwa kubeba kitu chochote. Kwenye sanduku la nyuma kulikuwa na mifuko miwili ya unga wa ratili 50 kila mmoja, jiko la mkaa, na sufuria ya shughuli ambayo mke aliikana na mume akaikana. Tangi la maji lilikuwa nyuma ya ekseli, nalo limejaa hadi juu. Galoni moja ya maji ina uzito wa ratili 8.3, zidisha kwa 40, zaidi ya ratili 330 zilikuwa zikivutwa kuvuka Nebraska ili watu wanawe mikono.

Maji yakamwagwa. Baiskeli zikaingizwa ndani, zikalazwa sakafuni katikati, juu ya ekseli. Unga na jiko vikahamia chini ya kitanda cha mbele. Wakapima tena: tela ratili 5,710, ulimi 690, yaani asilimia 12. Kisha vyuma vya kugawa uzito vikakazwa na kupima kwa mwisho kukaonyesha ekseli ya mbele ya gari imerudi 3,150. Ile karatasi ya mlangoni iliruhusu ratili 1,650. Watu, mizigo na chuma cha kuunganishia vilichukua 900, zikabaki 750 za kuubeba ulimi wa 690. Ratili sitini za ziada. Mke alisikia hesabu hiyo akarudisha soda aliyokuwa ameshika.

Mzee alikataa hela. Alikubali chapati mbili.

Magharibi ya hapo yalikuwa ni mapumziko, au yangekuwa hivyo kama Wyoming isingekuwa na upepo. Kati ya Cheyenne na Laramie I-80 hufika kilele chake cha nchi nzima, futi 8,640, penye kichwa kikubwa cha shaba cha Abraham Lincoln kikitazama chini. Kisha inateremka kwenye korongo hadi Laramie. Aliyewahi kushuka Kitonga nyuma ya lori linalonuka breki anajua la kufanya: gia nzito kabla ya mteremko, si katikati yake. Tela lilishuka likiwa limetulia kama limelala.

Laramie, kibao cha taa kilikuwa kimefunga barabara kwa magari mepesi yenye kimo kirefu. Tela ni jepesi, tena ni refu. Kipande cha kutoka hapo kuelekea Walcott Junction, chini ya Elk Mountain, kilifunguliwa mwaka 1970 baada ya wenyeji kuwaonya wahandisi kuhusu upepo na theluji ya pale. Wahandisi hawakusikia, na sasa kibao kinasikia kwa niaba yao. Walilala Laramie, wakaondoka saa kumi na moja alfajiri kabla upepo haujaamka. Malori mawili yaliwapita karibu na Arlington. Kiti cha nyuma kiliendelea kugombana.

Hatua ya nne ilikuwa iwe kurudi nyuma na tela: shika usukani kwa chini, mkono ukienda kulia tela litaenda kulia. Ya tano imesahaulika, kwa sababu hapa mwandishi hukumbuka tela la fedha la kampuni ya Airstream lililokuwa jirani yao kambini, na wivu unamjia upya. Kampuni hiyo inauza umbo lake la yai kwa bei ya kiwanja, na bado umbo hilo hukata upepo kuliko masanduku tunayovuta sisi. Mwaka 1959 mwanzilishi wake, Wally Byam, aliongoza matela 41 kutoka Cape Town, yakapita Afrika Mashariki, yakafika Addis Ababa kwa Haile Selassie, na mwaka 1960 yakawasili Cairo. Mwenye tela la jirani aliijua habari hiyo yote. Hakuwahi kupima ulimi wake.

Kambi ilikuwa Fishing Bridge, ndani ya Yellowstone, ambako hema haliruhusiwi kwa sababu ya dubu. Lazima uwe na kuta ngumu. Kila jioni baiskeli zilitolewa ili watu wapite, kila asubuhi ya kuhama zikarudishwa. Usiku wa kwanza waliinua kitanda cha mbele, wakatoa mfuko wa unga, wakasonga ugali. Ziwa la Yellowstone liko juu ya mita 2,350, maji huchemka kwenye nyuzi 92 hivi, na ugali ulichelewa kuiva hadi watoto wakala mboga peke yake. Mke alimega tonge la kwanza, akalitazama, akamtazama mumewe.

"Baba watoto, tukiumaliza mfuko huu, ulimi unabaki ratili ngapi?"

Mwandishi aliweka kijiko chini, akatafuta kalamu.