Safari ya Hija Bagamoyo

Jumamosi moja, kabla ya kupambazuka, bibi mmoja wa Dar es Salaam alimwamsha mjukuu wake, akamwambia, "Ondoka, mjukuu wangu, twende hija Bagamoyo. Mama yako alipokuwa mgonjwa niliweka nadhiri, nikasema, akipona nitakwenda huko kumshukuru Mungu. Sasa amepona, na nadhiri ni deni."

Mtoto akafurahi mno, maana alikuwa hajapata kusafiri mbali kwa basi. Lakini lile neno hija hakulitia moyoni.

Walipofika kituo cha Makumbusho waliwakuta watu wengi. Mchukuzi mmoja mzee alikuwa akipita katikati yao, amejitwika gunia la mchele, mgongo wake umepinda. Kondakta akamkemea, "Pita upesi, wewe punda!" Watu wakacheka, na mtoto naye akacheka. Bibi hakucheka. Alimtazama mjukuu wake, asiseme neno.

Wakalipa nauli, basi likaondoka. Toka Dar es Salaam mpaka Bagamoyo ni kadiri ya kilomita 70, na njia huelekea kaskazini. Wakapita Tegeta na Bunju, kisha wakaona minazi na mikorosho. Mtoto alitazama dirishani. Bibi alisali rozari yake kimyakimya.

Waliposhuka walikwenda kwa miguu mpaka Misioni, wakipita chini ya miembe mikubwa ya zamani. Huko walimkuta mzee mmoja ambaye kazi yake ni kuwaongoza wageni.

"Shikamoo, babu," akasema mtoto.

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibuni. Tumsifu Yesu Kristu."

"Milele, amina," akaitikia bibi.

Mzee akawaeleza habari za mji ule. Zamani misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa ilitoka Ujiji na Tabora, ikafika Bagamoyo baada ya kwenda kwa miguu miezi mingi. Hapo watumwa walipakiwa katika majahazi, wakapelekwa Unguja kuuzwa. Wenye kulieleza jina la Bagamoyo hawapatani. Wengine husema ni pahali pa wapagazi kubwaga moyo, kwa kuwa safari yao imekwisha. Wengine husema ni pahali pa watumwa kuuacha moyo wao, kwa kuwa mbele yao ni bahari.

Mwaka 1868 Mapadre wa Roho Mtakatifu walivuka kutoka Unguja, wakasimamisha msalaba na kuanza Misioni. Waliwakomboa watumwa wengi kwa fedha, na wengine walipewa na manowari za Kiingereza zilizokamata majahazi. Watu hao wakakaa katika Kijiji cha Uhuru, wakapata nyumba na mashamba. Maisha yao hayakuwa mepesi: kazi na sala vilikwenda kwa kengele, na amri zilikuwa kali, hata wengine wakatoroka. Lakini ndio waliokuwa chanzo cha Kanisa katika bara. Mwaka 1877 baadhi ya jamaa zao walikwenda Mhonda kuanza misioni mpya.

Basi wakafika penye mbuyu mkubwa. Mtoto akaona pingili za mnyororo zimetokeza katika shina lake, akapaza sauti, "Bibi, tazama! Hapa ndipo walipofungwa watumwa!"

Mzee akatabasamu. "Wageni wengi husema hivyo, lakini sivyo. Mama mmoja Mfaransa, Madame Chevalier, aliutia mnyororo huu hapa ili kumfunga punda wake. Mti ukakua, ukaumeza mnyororo. Usiseme neno kwa kuwa limefanana na kweli; uliza kwanza. Minyororo ya watumwa imo ndani ya makumbusho. Njoni."

Wakaingia. Mtoto akaona pingu na minyororo ya chuma, imeliwa na kutu. Akanyamaza. Mnyororo mmoja ulikuwa wa punda, na hii ilikuwa ya watu. Ndipo alipokumbuka neno la kondakta, na jinsi alivyocheka. Uso wake ukamwiva kwa haya.

Kisha mzee akawaonyesha mnara wa kanisa la kale. "Dakta Livingstone, msafiri Mskoti, alikufa mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia. Susi na Chuma na wenzao wakauchukua mwili wake kwa miguu, zaidi ya kilomita 1,500, wakaufikisha hapa Februari 1874. Ukalazwa katika mnara huu, kisha ukapelekwa Uingereza. Watu husoma jina la aliyechukuliwa. Ninyi yakumbukeni na majina ya wachukuzi."

Mwisho walikwenda penye pango la Bikira Maria, lililojengwa na watu waliokombolewa. Mikono iliyofungwa zamani ndiyo iliyopanga mawe yale. Bibi akapiga magoti, akawasha mshumaa, akatimiza nadhiri yake. Mtoto akapiga magoti kando yake, akasali muda mrefu kuliko bibi alivyotazamia.

Jioni basi likawarudisha Makumbusho. Yule mchukuzi mzee alikuwa ameketi juu ya ukingo, akijifuta jasho, na mbele yake mna kikapu kizito. Mtoto akamwendea, akasema, "Shikamoo, babu. Asubuhi nilikucheka. Nisamehe."

Mzee akamtazama kwa mshangao. "Marahaba, mwanangu. Wengi hucheka, anayerudi ni wewe tu."

Mtoto akashika sikio moja la kikapu, mzee akashika la pili, wakakipandisha garini. Bibi akasema, "Sasa, mjukuu wangu, umekwenda hija."

Maswali

1. Kwa nini bibi alikwenda Bagamoyo?
2. Watu hueleza jina la Bagamoyo kwa njia gani mbili?
3. Mnyororo ulio katika mbuyu ulikuwa wa nini? Mzee alimfundisha mtoto neno gani juu yake?
4. Susi na Chuma walifanya nini?
5. Bibi alikuwa na maana gani aliposema, "Sasa umekwenda hija"?